Nina mpasuko njia ya haja kubwa: nile nini, na je, niache mazoezi?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 37 na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Wiki tano zilizopita, baada ya safari ndefu, nilipata choo kigumu sana nikasikia kama nimechanwa na wembe. Tangu siku hiyo kila nikienda haja kubwa naumia, na maumivu yanaendelea kwa saa mbili au tatu baadaye. Kwenye karatasi naona damu nyekundu kidogo. Daktari aliniangalia akasema ni mpasuko, akanipa dawa ya kupaka ya ganzi na kuniambia nile vizuri. Hapo ndipo nilipokwama. Nimepunguza kula, sasa nala mlo mmoja tu ili nisiende chooni mara kwa mara, na maharage nimeacha kwa sababu ya gesi. Nilikuwa nakimbia mara tatu kwa wiki na kunyanyua vyuma; nimeacha vyote nikiogopa kidonda kisichanike zaidi. Rafiki yangu anasema hii ni bawasiri, nifanye mazoezi ya kubana na kuachia, na ninywe dawa ya kuharisha nisafishe tumbo. Nimepungua kilo nne na sina raha. Nile nini, nifanye mazoezi gani, na ni lini nianze kuogopa kweli?"

Marahaba, ndugu yangu. Pole sana, maumivu haya watu huyabeba kimya kwa sababu ya mahali yalipo.

Nianze na hofu iliyokutoa kwenye mazoezi. Kilichokuchana si kukimbia, ni choo kikubwa kilichokauka. Na kinachouzuia mpasuko wako usipone ni mambo mawili: choo kigumu kinachopita tena na tena juu ya kidonda, na msuli ulio chini ya kidonda hicho unaobana kupita kiasi. Mengi uliyoyafanya kwa nia ya kujikinga, yaani kula mara moja kwa siku, kuacha maharage na kushinda kitini, yanachochea hayo mawili. Sikulaumu. Mtu akiumizwa na kitu kila siku hutafuta njia ya kukikwepa. Ila hapa kukwepa ndiko kunakokuponza, na nataka uelewe kwa nini kabla sijakuambia ule nini.

Mpasuko ni mchaniko mdogo, mara nyingi haufiki hata sentimita mbili, kwenye ngozi nyembamba iliyo mwisho kabisa wa njia ya haja kubwa. Neva zilizopo hapo ni za aina ileile iliyo kwenye ngozi ya vidole, ndiyo maana mchaniko mdogo namna hiyo unaweza kumtoa mtu mzima machozi. Chini ya ngozi hiyo ipo misuli miwili ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje unautawala mwenyewe. Ndio unaoubana haja ikikushika na choo kiko mbali. Wa ndani hauutawali. Unajibana wenyewe mchana na usiku, na kulegea kwa muda mfupi tu pale kinyesi kinaposhuka.

Kidonda kikiguswa, msuli huo wa ndani hujikaza. Ukijikaza unaminya mishipa midogo ya damu inayopita ndani yake kwenda kwenye ngozi. Upande wa nyuma, ule unaoelekea kifandugu, ndio wenye damu haba tangu awali, na ndiko mipasuko kama tisa kati ya kumi hutokea. Wanawake, hasa baada ya kujifungua, huweza kuupata pia upande wa mbele. Basi kidonda kinakosa damu kwa hiyo hakifungi, kisipofunga kinauma, na kikiuma msuli unakaza tena. Yale maumivu yako ya saa mbili au tatu baada ya choo kupita ndiyo msuli huo, umegoma kulegea. Matibabu yote ya mpasuko, tangu bakuli la maharage hadi kisu cha daktari wa upasuaji, yanalenga kuuvunja mzunguko huo mahali fulani.

Kuhusu bawasiri, rafiki yako hayuko peke yake. Wengi huita kila maumivu ya huko bawasiri. Bawasiri ni uvimbe wa mishipa ya damu. Ya ndani kwa kawaida hutoa damu bila maumivu. Ya nje huuma sana pale damu inapoganda ndani yake, na hapo mtu hugusa kifundo kigumu. Maumivu ya kukata wakati choo kinapita, yakifuatwa na moto wa muda mrefu, ni sura ya mpasuko. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na mpasuko uliokaa miezi huota kinyama kidogo pembeni ambacho wenyewe hukiita bawasiri. Tofauti hii ina uzito kwa sababu baadhi ya dawa za kupaka za bawasiri zina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), na zikitumiwa wiki nyingi hudhoofisha ngozi ambayo tayari imechanika. Daktari wako aliangalia kwa macho yake, rafiki yako hajaangalia.

Sasa turudi kwenye sahani. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Ukila kidogo, kinachofika huko ni kidogo, hakina ujazo wa kuuchochea utumbo usukume, hivyo kinakaa siku mbili au tatu huku maji yakiendelea kunyonywa. Mwisho wa siku unapata vigoroto vikavu, au bonge moja la kukuchana upya. Kwenda chooni mara chache ulikuona kama nafuu, lakini choo laini cha kila siku kinakigusa kidonda kwa upole kuliko choo kimoja kikavu cha siku ya tatu. Tena mlo wenyewe huamsha utumbo: muda mfupi baada ya kula, hasa asubuhi, utumbo mpana huanza kusukuma. Anayeruka kifungua kinywa anajinyima saa nzuri kuliko zote za kwenda haja. Kwa hiyo agizo langu la kwanza ni kurudi kwenye milo mitatu kuanzia kesho, hata kama ni midogo.

Lengo lako ni choo cha namna gani? Madaktari hutumia chati ya Bristol, inayogawa choo katika aina 7. Aina ya 1 ni vigoroto vigumu vilivyotengana, aina ya 7 ni maji matupu. Wewe unatafuta aina ya 4: kirefu, laini, kimeshikana, kinachotoka bila kusukumwa. Aina za 6 na 7 hazikufai, na nitaeleza sababu nitakapofika kwenye dawa ya kuharisha.

Nyuzinyuzi ndizo zinazokupa aina ya 4, kwa sababu hushikilia maji ndani ya kinyesi yasinyonywe yote. Mtu mzima mwenye mpasuko hushauriwa gramu 25 hadi 35 kwa siku. Gramu hazimwambii mtu kitu mpaka azione kwenye chakula, basi hesabu hivi: kikombe kimoja cha maharage au dengu zilizopikwa kina gramu 13 hadi 15. Parachichi moja la wastani lina karibu 10. Peasi likiliwa na ganda lake lina 5 au 6, tufaha na ganda lake kama 4. Kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu 2. Unaona sasa kwamba maharage uliyoyaacha huenda ndiyo yaliyokuwa yakibeba nusu ya mahitaji yako.

Gesi haichani ngozi. Inasumbua, inaaibisha, lakini haina ubavu wa kufungua kidonda, na hupungua bakteria wa tumboni wakishazoea. Watu wengi hukata tamaa na nyuzinyuzi kwa sababu wanatoka gramu 10 kwenda 35 kwa siku moja, tumbo linajaa kama ngoma, wanaacha. Anza na robo kikombe cha maharage kwa siku, yaliyolowekwa usiku kucha, maji ya kuloweka yamemwagwa, na yamepikwa hadi kulainika kabisa. Ongeza kidogo kila baada ya siku tatu au nne. Chukua wiki mbili hadi tatu kufika unakotaka. Kwenye milo mingine badilisha nafaka iliyokobolewa kwa isiyokobolewa, weka mboga za majani, na tunda lisikosekane. Uji wa shayiri asubuhi ni mzuri hasa, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huyeyuka na kuwa kama ute unaolainisha choo. Pumba kavu za ngano sizipendi kwa mtu mwenye kidonda. Zikiliwa nyingi bila maji ya kutosha huweza kuongeza ujazo bila kuongeza ulaini.

Ukishindwa kufikisha kiasi kwa chakula, ipo njia ya mkato halali: maganda ya mbegu za isabgoli, yanayouzwa kwenye maduka ya dawa. Anza na kijiko kimoja cha chai kwenye bilauri kubwa ya maji, kunywa mara moja kabla hayajaganda, kisha shushia na bilauri nyingine. Usiyameze makavu, yanaweza kuvimba na kukwama kooni.

Maji nayo yana imani nyingi zisizo sahihi. Watu hunywa lita nne kwa siku wakitegemea choo kilainike, wanaishia kukojoa tu. Kama mwili wako una maji ya kutosha, ya ziada huenda kwenye mkojo. Maji hufanya kazi yakikutana na nyuzinyuzi za kuyashikilia. Lita 1.5 hadi 2 za vinywaji kwa siku zinawatosha watu wengi, ukiongeza siku za joto na siku za mazoezi. Mkojo wa njano iliyopauka utakuambia kama uko sawa. Kahawa inaruhusiwa, na kwa wengi huuamsha utumbo asubuhi. Pombe hukausha mwili, kwa hiyo ipumzishe kwa sasa.

Pilipili haisababishi mpasuko. Lakini ule ukali wake haumalizwi wote tumboni, na unapofika mwisho wa safari unakutana na zile neva nilizokueleza, tena zikiwa wazi. Iache hadi upone. Nyama haina kosa. Kosa ni sahani iliyojaa nyama na wanga uliokobolewa, mboga zikiwa kijiko kimoja pembeni. Umepungua kilo nne, na kidonda kinahitaji protini ili kifunge, basi mayai, samaki, nyama na hizo jamii za kunde zote zina nafasi. Ila kama ulikuwa unatumia unga wa protini kwa ajili ya vyuma, angalia: wengi hubadilisha mlo mzima kwa bilauri ya unga huo, ambao aghalabu hauna nyuzinyuzi za maana, kisha hushangaa choo kimekuwa jiwe.

Dawa ya kuharisha usinywe. Kuhara huchubua kidonda, hukupeleka chooni mara sita kwa siku, kila mara kufuta, kila mara msuli kukaza. Na kuhara kwenyewe ni mojawapo ya visababishi vya mpasuko. Tumbo lako halina uchafu wa kusafishwa. Unachohitaji, hadi nyuzinyuzi zishike kasi, ni dawa ya kulainisha choo inayovuta maji kuyaingiza kwenye kinyesi, kama makrogoli au laktulosi. Hizi hazikushtui tumbo. Hutumiwa kila siku kwa dozi unayoipandisha au kuishusha hadi upate aina ya 4, na huweza kuchukua siku mbili tatu kabla hujaona tofauti. Kosa la kawaida ni kuziacha siku ya kwanza choo kinapolainika. Endelea nazo wiki kadhaa baada ya maumivu kuisha, kisha punguza taratibu.

Kagua pia dawa nyingine unazomeza. Kodeini na tramadoli, ambazo mtu mwenye maumivu makali huzikimbilia, hufunga choo vibaya sana; kwa maumivu ya mpasuko parasetamoli ni salama zaidi. Vidonge vya madini ya chuma, baadhi ya dawa za kiungulia zenye alumini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za msongo wa mawazo nazo hukausha choo. Usiache dawa uliyoandikiwa, uliza tu kama kuna mbadala.

Chooni kwenyewe kuna adabu zake. Haja ikija, nenda. Ukiizuia, maji yananyonywa tena. Dakika chache kabla, paka ile dawa ya ganzi pembezoni mwa tundu, kiasi kidogo tu. Ukiwa kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, pumua nje polepole huku tumbo likilegea. Mwenye choo cha kuchuchumaa tayari yuko kwenye mkao mzuri. Simu ibaki nje. Dakika tano zikipita bila kitu, inuka, urudi baadaye. Kujikamua kunakurudisha wiki tano nyuma.

Ukimaliza, jioshe kwa maji matupu, jikaushe kwa kubonyeza bila kusugua, kisha kalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Joto hilo huulegeza msuli wa ndani, na ndiyo sababu maumivu hupoa. Huhitaji kuweka chumvi, dawa ya kuua vijidudu wala majani yoyote ndani ya beseni. Ukiweza, rudia mara mbili au tatu kwa siku.

Sasa mazoezi. Kutembea anza leo. Dakika 20 hadi 30 baada ya mlo, mwendo wa kawaida, kila siku. Mwili unapotembea, utumbo nao husukuma vizuri zaidi, na misuli ya nyonga inayokazwa na woga na kiti cha ofisi hupata nafasi ya kulegea. Hapo kazini simama kila baada ya nusu saa hivi, hata kama ni kwenda kuchukua maji. Kuhusu ile mito ya duara yenye tundu katikati, wengine huipenda. Mimi naona mto bapa mlaini ni bora, kwa sababu ule wa tundu huyaacha makalio yakivutana pembeni, mahali palepale usipotaka pavutwe.

Kukimbia unaweza kurudi mapema kuliko unavyodhani. Subiri tu siku tatu au nne za choo laini mfululizo. Panga mbio zako baada ya choo na maji ya uvuguvugu, maumivu yakishatulia, usikimbie ukiwa umebana haja. Anza dakika 15, ukichanganya kukimbia na kutembea. Vitu viwili ndivyo vya kuangalia. Kimoja ni msuguano na jasho: paka mafuta mazito ya mgando katikati ya makalio, vaa nguo ya ndani kavu isiyobana, na ukirudi oga na ubadilishe mara moja, usishinde na nguo mbichi. Cha pili ni maji: anayekimbia saa nzima juani bila kunywa, kesho yake chooni atalipa. Ukisikia kuwasha au uzito kidogo wakati wa kukimbia, hilo si dalili ya kuchanika. Kipimo chako ni choo cha siku inayofuata. Kama maumivu yake hayajazidi ya jana, umbali ule umekufaa. Kuogelea nako ni kuzuri. Baiskeli ningeiweka kando kwa wiki chache, kwani kiti chake hukandamiza eneo lote hilo na kulisugua.

Vyuma vinahitaji maelezo zaidi. Tatizo la kunyanyua ni pumzi. Mtu akinyanyua uzito mkubwa hufunga pumzi, shinikizo tumboni linapanda, sakafu ya nyonga, yaani misuli inayobeba viungo vya chini ya tumbo, inasukumwa chini, na misuli ya tundu inajikaza kwa nguvu zote kujihami. Hiyo ni picha ileile ya kujikamua chooni. Kwa hiyo shusha uzito hadi kiwango unachoweza kunyanyua mara 12 hadi 15 huku ukipumua nje kila unapotumia nguvu. Ukiona huwezi bila kufunga pumzi, uzito huo bado si wako. Anza na mikono, kifua na mgongo ukiwa umekaa au umelala. Kuchuchumaa na chuma mabegani, na kunyanyua chuma kizito kutoka sakafuni, viache hadi upite wiki mbili bila maumivu wala damu, kisha urudi ukianzia chini.

Yale mazoezi ya kubana na kuachia ni mazuri kwa wenye misuli ya nyonga iliyolegea, kwa mfano wanaovujisha mkojo. Misuli yako haina shida hiyo. Ni kama kumwambia mtu aliyekunja ngumi tangu asubuhi afanye mazoezi ya kukunja ngumi. Unahitaji kinyume chake. Lala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi kupitia puani taratibu hadi tumbo liinuke, na usikilize jinsi sehemu ya chini inavyofunguka na kushuka yenyewe. Kisha pumua nje bila kubana chochote. Dakika tano, asubuhi na usiku. Mkao mwingine unaowasaidia wengi ni kupiga magoti, kukalia visigino, na kuinama mbele hadi paji la uso liguse sakafu, magoti yakiwa yamepanuliwa. Msuli wa ndani hauna amri yako, nimeshasema, lakini wa nje na sakafu ya nyonga vikilegea, mvutano wa eneo zima hupungua.

Utarajie nini? Mipasuko mingi mipya hupona ndani ya wiki sita hadi nane ikiwa choo ni laini kila siku. Wewe uko wiki ya tano, lakini kwa ukweli wiki hizo tano sizihesabu, maana choo kilikuwa bado kigumu. Jipe mwezi mmoja wa kufanya haya kwa ukamilifu. Dalili ya kwanza ya nafuu kwa kawaida ni yale maumivu ya baadaye kufupika, toka saa tatu hadi moja, toka saa moja hadi dakika chache. Siku moja mbaya katikati ya kumi nzuri isikutishe. Na ukipona, usiitupe sahani mpya. Mpasuko hupenda kurudi kwa aliyerudia choo kigumu.

Mwezi ukipita bila nafuu, rudi kwa daktari na umuulize kuhusu dawa za kupaka zinazolegeza msuli wenyewe. Diltiazemu ya asilimia 2 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita hadi nane. Nitrogliserini ya asilimia 0.2 hadi 0.4 hufanya kazi hiyohiyo, ila huleta maumivu ya kichwa kwa wengi, na wapo wanaoiacha kwa sababu hiyo. Hapa niseme jambo ambalo wanaume huficha: anayetumia sildenafili au dawa nyingine za kusimamisha uume asipake nitrogliserini kabisa. Zikikutana, shinikizo la damu linaweza kushuka hadi hatari ya kifo. Mwambie daktari, hatakushangaa. Dawa hizi huponya sehemu kubwa ya wagonjwa lakini si wote.

Zikishindwa, kuna sindano ya botulinamu inayolegeza msuli kwa miezi michache, muda unaotosha wengi kupona. Wakati huo mtu anaweza kushindwa kuzuia upepo, hali inayopita. Upasuaji wa kukata sehemu ndogo ya msuli wa ndani ndio wenye mafanikio makubwa kuliko yote, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hupona. Gharama yake ni kwamba wachache hubaki na udhaifu wa kuzuia upepo au kuchafua nguo kidogo, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwanamke aliyechanika wakati wa kujifungua. Kwa hiyo si hatua ya kukimbilia wiki ya tano, wala si ya kuogopwa mwezi wa sita. Mtu akikuletea dawa ya kuchoma kidonda, au akitaka kukutanua kwa nguvu kwa mkono, kataa. Misuli ikichanika hivyo, kuirudisha ni kazi ngumu.

Uliuliza ni lini uogope kweli. Usisubiri mwezi uishe ukipata homa, uvimbe, usaha, au maumivu ya kupwita yasiyokoma mchana na usiku: hilo laweza kuwa jipu, nenda siku hiyohiyo. Nenda haraka pia damu ikiwa nyingi, ina mabonge, ni nyeusi au imechanganyika ndani ya kinyesi, ukishindwa kukojoa, au ukipata kizunguzungu na kuchoka kusikoelezeka. Kilo nne ulizopungua naziweka kwenye hesabu ya mlo mmoja kwa siku. Lakini kama utakula vizuri kwa wiki tatu na uzito uendelee kushuka, au tabia ya choo ikabadilika bila sababu, au kuna mtu wa damu yako aliyepata saratani ya utumbo, utumbo wako lazima uangaliwe kwa kamera, mpasuko uwepo usiwepo. Mpasuko ulio pembeni badala ya nyuma au mbele, ulio zaidi ya mmoja, au usiouma kabisa, nao huchunguzwa kivyake, kwa kuwa nyuma yake huweza kujificha ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), kifua kikuu cha utumbo, kaswende, VVU au saratani.

Siku utakayorudi hospitali, mwambie daktari kabla hajakugusa kwamba bado unaumia sana. Kuuona mpasuko kunatosha kuyatenganisha makalio taratibu. Kidole na vifaa vya kuangalia ndani vinaweza kusubiri upate nafuu, au vifanyike ukiwa umepewa dawa ya usingizi. Mpelekee karatasi ya wiki mbili zilizopita: tarehe, aina ya choo kwa namba za Bristol, maumivu yalidumu kwa muda gani, na dawa zote ulizotumia, hata zile ulizopewa na rafiki.